Kidole cha Corina

"Teremka kwenye gari langu, Eliseo!"

"Corina, gari ni langu."

"Basi nateremka mimi!"

Akateremka kweli, akaubamiza mlango wa pikapu hadi vumbi la wiki nzima likaruka. Walikuwa wameegesha nyuma ya tangi la maji la kijiji. Kwa miaka miwili, hapo ndipo mahali pekee walipoweza kushikana mikono bila kuulizwa na mtu. Kule bondeni ulionekana ukuta wa mpaka, chuma kilichokatiza vilima vya watu waliokuwapo kabla ya ukuta wenyewe. Upande wa pili ni Meksiko, na nusu ya shangazi zao wako huko.

"Nimekuuliza swali dogo sana," Corina akasema kupitia dirisha. "Leo kwenye sikukuu, mbele ya watu, utamwambia mjomba wako au humwambii?"

"Nitamwambia. Baada ya kura."

"Kwanza ilikuwa baada ya ng'ombe kuzaa. Halafu baada ya kukata manyoya ya kondoo. Sasa baada ya kura. Hivi wewe unanioa mimi au unaoa kalenda?"

"Mpenzi, unamjua Mjomba Rosendo. Ameapa hakuna mtu wa nyumba ya kasino atakayekanyaga kizingiti chake."

"Kwa hiyo mimi ndiye nyumba ya kasino?"

"Si wewe, ni mama yako anayei..."

"Mama yangu usimguse!"

Eliseo akashika usukani kwa mikono miwili. Kijana mzuri, mabega mapana, anaangusha fahali kwa mkono mmoja, lakini mbele ya mjomba wake anakuwa laini kama maharage ya jana.

"Sikia," Corina akasema, sauti imeshuka. "Jua likizama hujasema, mimi na wewe basi. Nakupenda, lakini kufichwa nimechoka. Mimi si gongo."

Akaondoka kwa miguu.

Na kweli, wakati ulikuwa mbaya. Baraza la kabila lilitaka kujenga kasino pale kwenye uwanda karibu na barabara kuu, na Jumapili iliyofuata watu wangepiga kura. Hortensia, mama yake Corina, ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu waseme ndiyo: vijana wapate kazi hapa hapa, wazee wapate zahanati. Rosendo, aliyemlea Eliseo tangu akiwa mdogo, alizunguka nyumba zile zile baada ya nusu saa kuomba hapana: visima vitakauka, na mialoni ya kuokotea mbegu za chakula itageuka maegesho ya mabasi. Watu waliokuwa wakila chungu kimoja sasa walisalimiana kwa nyusi.

Sikukuuni, Rosendo alikuwa anachoma nyama chini ya kibanda cha matawi ya mierebi. Eliseo akamsogelea, kofia mkononi.

"Mjomba, nina jambo."

"Kama ni la kasino, sitaki kulisikia."

"Si la kasino."

"La mwanamke?"

Eliseo akaitupia macho nyama. Corina alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, anapanga sahani, masikio yamesimama kama ya sungura.

"La... la chumvi, Mjomba. Nyama imepungua chumvi."

Muda si mrefu, simu ya Eliseo ikatetemeka mfukoni.

"CHUMVI?"

Akajibu haraka: "Nipe mpaka jioni."

"Jioni ndiyo hii. Na wewe ni yule yule."

Akiwa bado anaikodolea macho ile simu, ya Hortensia nayo ikaita. Alikuwa Tavo, mpwa wake wa ng'ambo ya mpaka.

"Shangazi, nimekwama getini. Askari wa mpaka wanasema kibali changu kimekosewa jina. Anzeni bila mimi."

"Tuanzeje, na tumebaki watatu?"

"Mweke Corina."

"Corina hajawahi hata kukaa kwenye moto!"

"Basi mweke mbuzi, Shangazi. Huku wanafunga geti."

Walikuwa wanaingia kwenye peoni, mchezo wa mababu zao. Timu mbili za watu wanne zinakaa kutazamana, moto katikati. Wanaoficha wana vipande viwili vya mfupa kila mmoja, cheupe na cheusi, vimefungwa viganjani kwa kamba. Wanauma blanketi kwa meno ili lifunike mikono yao, wanazungusha mifupa gizani humo huku wanawake wakiimba nyuma yao, kisha wanakunja mikono kifuani. Upande wa pili unakisia kile cheupe kiko mkono upi. Ukipatia, umemuua mfichaji, hafichi tena raundi hiyo. Ukikosea, timu yako inapoteza kijiti kimoja cha kuhesabia alama. Na wizi kwenye moto huo ni aibu ambayo mtu anazeeka nayo.

Hakuna aliyepanga, lakini kila aliyekaa upande wa Hortensia alikuwa wa ndiyo, na kila aliyekaa upande wa Rosendo alikuwa wa hapana. Corina akakalishwa pembeni ya mama yake. Mbele yake, ng'ambo ya moto, Eliseo kauma blanketi.

Hortensia akawaua watatu wa upande wa Rosendo. Akabaki Eliseo, mfichaji mkali kuliko wote bondeni, uso mkavu kama jiwe la mtoni. Hortensia akakisia, akakosea. Akakisia tena, akakosea tena.

"Haya, kisia wewe," akamwambia bintiye kwa hasira. "Huwezi kuharibu zaidi ya hapa."

Corina akainua kidole bila kufikiri. "Kushoto."

Blanketi likashushwa. Cheupe, kushoto. Upande wa ndiyo ukalipuka kwa vigelegele.

Mifupa ikazunguka, ikarudi kwa kina Rosendo, Corina akamuua Eliseo tena. Na tena. Eliseo akajaribu kila ujanja: akatikisa mabega, akafumba macho, akajifanya anakohoa. Kazi bure. Mwanamke aliyedanganywa "nitasema kesho" kwa miaka miwili anajua bega lipi la mwanaume hushuka akiwa anaficha kitu.

Rosendo akasimama. "Simamisha! Huu ni wizi!"

Benigno, mwamuzi wa moto, akainua fimbo. Nyimbo zikakatika.

"Rosendo, una ushahidi?"

"Ushahidi ni huo kidole! Mtu hakisii namna hiyo, labda awe anaonyeshwa!" Akamgeukia mpwa wake. "Wamekuahidi nini, wewe? Kazi ya kulinda mlango wa kasino?"

"Mmmh! Mmmmh!" Eliseo akanguruma, blanketi mdomoni. Sheria ni kali: mfichaji akiliachia kabla hajakisiwa, mifupa yake imekufa na timu yake inapoteza kijiti.

"Binti yangu si mwizi!" Hortensia akafoka.

"Basi niambie, anaonaje?"

"Anaona kwa sababu ana akili, kitu ambacho kwenu..."

"Kimya!" Benigno akapiga fimbo chini. "Kuna jaribio moja. Ataficha, na binti atakisia. Akikosea, ilikuwa bahati, tunaendelea. Akipatia tena, nawaondoa wote wawili kwenye moto huu, hawakai tena."

Eliseo akazungusha mifupa. Wimbo ukaanza upya, wa chini, wa kuogopa. Jua lilikuwa limebakiza ukingo tu juu ya miamba.

Corina akatazama. Bega la kulia. Cheupe kiko kulia, wazi kama mchana.

Akajua pia njia ya kumwokoa. Akosee tu. Watu watacheka, Rosendo atakaa chini, siri itabaki siri, na yeye ataenda zake. Machozi yakamlenga. Kidole chake kikapanda, kikageuka taratibu kwenda kushoto.

Eliseo akakiona kile kidole. Akaelewa kwamba anaagwa.

Kabla Corina hajatamka neno, Eliseo akatema blanketi.

"Eh!" watu wakashtuka.

"Usikosee kwa ajili yangu!" Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya moto, viganja wazi. "Kiko kulia, na anajua! Alitaka kukosea ili anisitiri!"

"Mpumbavu, umetupotezea kijiti!" Rosendo akapiga kelele.

"Kipotee! Mjomba, hakuna aliyeninunua. Huyu ananisoma kwa sababu ndiye mwanamke wangu. Miaka miwili sasa. Nilikuwa nakuogopa wewe, na leo nimeona nitakachopoteza. Nataka kumuoa. Nimemaliza."

Kuni zikapasuka motoni.

"Miaka miwili?" Hortensia akamgeukia bintiye. "Na mtu wa hapana?"

"Mama, nilipompenda hakuwa wa hapana. Alikuwa wa ng'ombe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

Rosendo akakaa chini taratibu. Akamgeukia Corina.

"Koo zenu mmeulizia?"

Wanawake wakashikana mikono. Hapo bondeni, mzee akiuliza koo, ameshaanza kuzungumzia ndoa. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, na hakuna anayejisumbua kuuliza jambo alilokwisha kulikataa.

"Tuliulizia, Mjomba," Corina akajibu. "Kwa bibi zetu wa ng'ambo. Hatuna ukoo mmoja."

"Na ukija kwangu, utaniletea habari za kasino mezani?"

"Kila siku. Dada zangu wanaendesha gari saa nzima kwenda kutandika vitanda vya watu mjini. Jumapili napiga kura ya ndiyo."

"Na mimi hapana. Kisima changu kimeshuka tangu mwaka juzi."

"Najua. Njoo ukalisemee hilo barazani, kisima chenu kiandikwe kwenye masharti ya kasino. Nitakaa karibu na wewe, tubishane vizuri."

Rosendo akajikuna kidevu. Benigno, aliyekuwa amechoka na yote hayo, akanyanyua fimbo.

"Uamuzi! Hakuna wizi. Blanketi limeanguka, upande wa Rosendo umepoteza kijiti. Lakini wachumba hawakai pande mbili za moto wangu. Mmoja ahame."

"Ahame yeye, aje huku!" Rosendo akadakia kabla mtu hajavuta pumzi. "Kidole kile tunakihitaji. Ni mkwe wetu!"

"Mkwe wa nani?" Hortensia akasimama, mikono kiunoni. "Umeshakuja kuniomba wewe?"

"Nipo mbele yako, mwanamke! Nikuombe kutokea wapi tena?" Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, na sauti ikamlainika. "Hortensia, naomba."

Hortensia akataka kukunja uso, uso ukakataa.

"Corina," akasema, "unaitwa kule. Unakwenda?"

Corina akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Siendi. Nimemsubiri miaka miwili. Hizi hatua chache na azitembee yeye."

Eliseo akainuka. Akauzunguka moto mbele ya kabila zima, mbele ya ndiyo na hapana, akakaa ubavuni mwa Corina na kuushika mkono wake hadharani. Ulikuwa umepoa, ukaanza kupata joto.

"Rosendo!" Hortensia akaita kwa furaha. "Mmebaki watatu. Mnaye mbuzi?"