Mgeni Kutoka Kibokoni

Harufu ya asumini ilimpokea Maranga mlangoni, na nyumba yake pale Karungu haikuwahi kunukia kitu ila omena, dagaa wa ziwani. Mkewe Filister alikuwa mkekani, akijipepea.

"Mama Emmah, umejipaka nini?"

"Mbona wanitazama hivyo, bwana wangu? Jua la leo lachoma kama la Kibokoni."

Filister hakuwahi kuvuka Migori mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki tu. Kibokoni iko Mombasa, Mji wa Kale, alikokuwa Maranga mwaka jana akichomelea mageti. Siku za mapumziko alizunguka vichochoro peke yake, akitaka kuujua mji ule kona kwa kona, mpaka alipoketi kwenye ngazi za nyumba moja iliyohamwa, akahisi kuna mtu ameketi kando yake.

Tangu siku ile ya asumini Filister hakula. Alisimulia tu: kichochoro kinachonuka kahawa, madirisha ya mbao yanayofunguka bila mkono, na ndani ya ile nyumba kisima ambacho Maranga hakuwahi kukiona, chenye maji ya chumvi yanayopanda na kushuka pamoja na bahari, na yeye aishiye humo, asiyezeeka, aliyechoka kukaa peke yake.

Mama Kemuma, mzee wa kanisa la Sabato, akaja kumwombea hadi sauti ikamkauka. Filister akamtazama kwa upole.

"Mimi si wa kufukuzwa, mama. Huyu Maranga alikuja kwetu akatutembelea, nami nimemtembelea. Mgeni husindikizwa."

"Na ukisindikizwa?" Mama Kemuma alinong'ona.

"Nitamwacha mkewe."

Mama Kemuma akamvuta Maranga kando. "Usikubali. Hiyo kitu inakudanganya."

"Mama, ona hiyo mifupa. Hatamaliza wiki."

Maranga akafunga safari ya Mombasa. Alipovuka kizingiti tu, bega lake la kushoto likawa zito, na uzito ule haukushuka mpaka Kibokoni, mbele ya ile nyumba, ambayo sasa mlango wake ulikuwa wazi.

Simu ikalia. Alikuwa Filister, akiongea Dholuo, lugha yake ya siku zote, akilia na kucheka. Alikuwa amekula ugali akaongeza.

"Baba Emmah, unarudi lini?"

"Kesho," Maranga akasema, na kwa moyo wake wote alimaanisha hivyo. Lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kupanda ngazi.