Somo Lililosikika Hadi Bute

Kitabu kilikuwa kimoja, mikono miwili imekishika. Ilikuwa Suuq Mugdi, soko la Garissa, mwaka wa tisini na sita, watu wanapigana vikumbo, na Hinda hakuwa tayari kukiachia.

"Abaayo, dada yangu, mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nakihitaji."

"Kama ni mwalimu si unakijua tayari? Niachie mimi nisiyejua!"

Kadar alicheka, akakiachia. Dera la zambarau, shali jeusi, hina mbichi viganjani. Kijana wa watu kwisha habari yake! Hinda alikuwa akijiandaa kwa mahojiano ya ukarani, basi Kadar akajitolea kumfundisha kila alasiri, dukani kwa Saynab, shangazi yake Hinda, ambaye hakuwaondolea macho hata mara moja.

Vitenzi ndivyo vilivyomtesa.

"Give up, gave up, given up," Kadar alirudia. "Yaani kukata tamaa."

"Sasa mbona give anahangaika peke yake, na up amekaa tu kama bwana harusi?"

"Mimi nikikuoa sitakaa tu."

Saynab alikohoa kwa nguvu. Hinda akajifunika uso kwa shali, anacheka.

Siku moja Kadar alifika, Hinda hayupo.

"Amerudi Eldas kwa baba yake," Saynab alisema, anakunja vitambaa. "Mfanyabiashara wa Bute, Mowlid, ameleta posa. Hinda ameulizwa, amekubali."

Lo! Kadar aliondoka bila kuaga. Wiki tatu nzima hakutuma salamu wala barua. Hicho ndicho kiburi cha mwanamume: anaumia, lakini kuuliza hataki.

Alhamisi asubuhi akaitwa kwa Olow, mwenye redio ya taar. Eldas haikuwa na simu. Watu waliongea kwa redio, kwa zamu, kila mmoja akimaliza kwa "over", na ulichosema kilisikiwa na kila mwenye redio, kuanzia Garissa mpaka Mandera. Chumba kilijaa watu wanaosubiri zamu.

"Maalim," sauti ya Hinda ilikwaruza. "Nisikilize vitenzi. Give up, gave up..." Akasita. Nyuma yake alisikika akikohoa baba yake, mzee Billow. "Over."

"Given up," Kadar alijibu kwa ubaridi. "Na hongera kwa ndoa. Over."

"Hongera?" Hinda aliacha Kiingereza, akasema Kisomali, kila mtu asikie. "Nani kakwambia nimekubali? Niliulizwa, nikaduwaa, nikanyamaza! Wakasema kimya cha mwanamwali ni ridhaa, wakaomba dua. Wazee wa Mowlid wanafika leo adhuhuri kumaliza mambo. Nimekungoja wiki tatu, Kadar. Una neno au huna? Over."

Chumba kizima kilimgeukia. Posa hupelekwa na wazee. Kijana hajisemei mwenyewe, tena hewani! Akabonyeza kitufe.

"Mzee Billow, assalamu alaikum. Mimi Kadar, mwana wa Abdihafid. Namuomba Hinda. Hawa wote ni mashahidi. Over."

"Huna adabu!" Billow alinguruma. Kisha sauti yake ikashuka. "Hinda, nakuuliza mbele ya watu, mara ya mwisho. Unamtaka huyu?"

Redio ikakwaruza tu. Kadar akafumba macho. "Sema, mpenzi," alinong'ona. "Wallahi, safari hii sema."

"Namtaka, aabo! Mowlid simtaki. Over!"

"Wajir tumesikia," sauti ngeni ikaingia.

"Mandera tumesikia, mashallah!"

Chumba kilipasuka kwa vicheko. Kisha ikaja sauti nyingine, ya taratibu.

"Bute hapa. Ni Mowlid, nilikuwa nangoja habari za wazee wangu. Nimesikia. Mzee Billow, wakifika, wape chai, warudi nyumbani. Over."

Hakuna aliyecheka tena. Kadar mwenyewe alimwonea huruma, akainamisha kichwa.

"Maalim," Billow alisema hatimaye. "Wazee wako nawataka hapa Jumamosi."

"Watafika, mzee. Na mimi..."

"Wewe baki huko huko. Umeshasema ya kutosha."