Karata ya Tano

Sokoni Newala, msimu wa korosho, malori yalipiga honi na vumbi likamwingia kila mtu machoni. Lukmani, fundi cherehani wa Masasi, alikaa juu ya gunia akisubiri usafiri wa kurudi kwao. Alikuwa akichanganya karata, maana mikono yake haikujua kutulia. Binti mmoja mwenye kanga mpya nyekundu akasimama mbele yake.

"Kaka, unacheza na nani na uko peke yako?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Mwone!" Binti huyo, Mwanne, akacheka, akaketi.

Lukmani akamfundisha poka, mchezo ambao mjomba wake alirudi nao kutoka vitani Burma. Kila mtu karata tano, moja imefichwa, nne wazi, na kila karata inapoanguka unaongeza dau au unajitoa. Walichezea korosho. Lori likaondoka bila Lukmani, wala hakujuta.

Alipokwenda kujitambulisha kwao Mwanne, alimwamkia mama shikamoo, akapewa debe la maji akaoge. Akaoga kama anavyooga Masasi, akalimaliza lote. Mwanne alilitazama lile debe tupu, akaingia ndani, na hakutoka hata kumuaga.

Lukmani akarudi Masasi roho juu. Alishona suruali ya mteja mguu mmoja mfupi, akaifumua, akaiharibu tena. Mwisho akapanda tena Newala.

"Kosa langu nini, mpenzi?"

"Hayo maji nayateka mimi, bondeni kule! Mama hawezi tena kushuka. Halafu unataka nihamie kwenu."

"Wateja wangu wako Masasi. Huku nitamshonea nani?"

"Basi toa karata. Nikishinda, unahamia huku. Ukishinda, nakwenda nawe."

"Na mama je?"

"Gawa, nimesema!"

Karata ya tano ilipoanguka, Mwanne alikuwa na tisa mbili wazi. Lukmani alikuwa na mfalme mmoja wazi, na mwingine amemficha. Mwanne akasukuma korosho zake zote katikati.

Wafalme wawili huzishinda tisa mbili, lakini kama Mwanne ameficha tisa ya tatu, Lukmani amekwisha. Siku zote akipata karata nzuri, Mwanne hutafuna korosho moja. Leo hatafuni. Anadanganya, au amejifunza kujificha? Kujitoa kulikuwa rahisi, angehama na yakaisha. Lakini angezeeka bila kujua kama mwanamke huyu angekubali kwenda naye. Aliogopa, na bado akasukuma korosho zake.

"Nataka kuona. Funua."

Ilikuwa mbili ya uru, haina maana yoyote. Lukmani akamfunua mfalme wake.

Mwanne hakulia. Alijifunga kanga vizuri, akachukua debe.

"Umeshinda. Nakwenda nawe. Ngoja nimtekee mama maji ya mwisho."

Lukmani akanyakua debe la pili, akamfuata. Huko bondeni wanawake kwenye foleni walimcheka mpaka wakachoka. Katika kupanda, pumzi ikamwishia, maji yakamwagikia shati lake la poplini.

"Lile debe nililoogea," akauliza akihema, "lilitoka huku?"

"Huku huku."

Aibu ikamjaa. Akasimama.

"Mwanne, cherehani inaweza kupanda huku kwa baiskeli?"

"Si umeshinda wewe?"

"Ndiyo maana nachagua mimi."

Mwanne aligeuka upande ili machozi yake yasionekane.

"Na utaoga kwa kata moja ya maji?"

"Mbili."

"Moja, mume wangu."