Doa Lililoruka Barua Moja

Mikono miwili ilikamata bango moja kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekubali kuachia.

Ilikuwa Jumamosi ya soko la vitu vya kale mjini Leeds. Ukumbi ulijaa hadi watu wakawa wanapita ubavu ubavu, makoti ya mvua yakinuka unyevu. Rowena Thackray, katika koti lake la kijani la mtumba na skafu ya njano, alimtazama mwenye mkono wa pili. Kijana mrefu, kizibao cha zambarau chenye vifungo vya shaba, kama katoka jukwaani dakika ile.

"Kaka, utalichana."

"Mimi? Mimi nimelishika kwa adabu."

"Adabu gani, na kidole changu umekishika pia?"

"Hicho nilidhani ni sehemu ya bango. Kizuri mno."

Rowena akacheka bila kutaka. Bango lilikuwa la mwaka 1889. Profesa Silvano, bingwa wa mazingaombwe, na Kabati la Theluji: mwanamke anafungiwa kabatini, anatoweka, kisha anaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, theluji mabegani.

"Huyo mwanamke ni bibi yake bibi yangu," alisema. "Hester Lumb."

Kijana aliachia bango papo hapo. Alifunga kifungo kimoja cha kizibao, kisha akatabasamu. "Basi chukua, ni lako. Naitwa Joss Ibbotson. Barua za Silvano napanga mimi, kule hifadhi ya nyaraka, kila Jumatano. Najitolea tu; Jumamosi usiku nacheza mazingaombwe."

Jumatano iliyofuata Rowena aliomba ruhusa ya kutoka mapema kwa daktari wa meno anakofanya kazi ya mapokezi. Chumba cha kusomea kilikuwa kimya, kalamu za wino marufuku, penseli tu. Joss alimletea sanduku, akamwonyesha jinsi ya kufunua karatasi bila kuiumiza. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Saa kumi walishuka chini kunywa chai na mkate wa zabibu uliopakwa siagi, na kabla majani hayajapukutika yote mitini walikuwa wanapigiana simu asubuhi kabla ya mswaki.

"Umelala salama, malkia wa sanduku?"

"Nimelala na Profesa Silvano kichwani."

"Mwambie ahame. Hapo pana mwenyewe."

Lakini Rowena hakuwa akisoma kwa kujifurahisha. Nyumbani kwao Hester alikuwa jina la kunong'ona. Alifukuzwa jukwaani kama mwizi, na mtaa mzima ukawaita wanawe na wajukuu damu ya mwizi. Bibi Winifred, aliyemlea Rowena, alikuwa ametimiza miaka tisini akiwa bado anainamisha kichwa jina hilo likitajwa. Sasa darasa la jioni la historia za familia alilosoma Rowena lilimtaka kila mwanafunzi atoe mada kwenye maktaba ya mtaa, na Rowena alitaka siku hiyo bibi yake akae mstari wa mbele, kichwa juu.

Barua ya ishirini na tatu ilimvunja moyo. Silvano alimwandikia meneja wa ukumbi: msichana ameiba siri ya kabati langu na kumuuzia mshindani wangu, asipokelewe popote.

"Hakuna nyingine ya kumtetea?" aliuliza, machozi yakimlenga.

Joss alimfuta kwa leso yake ya hariri. "Nimezipitia zote, mpenzi. Hakuna. Pole."

Basi akaandika mada yake hivyo. Alipomsomea bibi yake jikoni, Bibi Winifred alikunja kitambaa cha sahani mara nne, akakikunjua. "Sema ukweli, mjukuu wangu. Mimi nimeshazoea."

Siku mbili kabla ya mada, Rowena alirudi peke yake kuhakikisha tarehe. Alizipanga barua mezani kwa mfuatano wake, na hapo ndipo alipoliona doa. Zamani maji yaliingia kwenye kona ya furushi, yakaacha alama ya kahawia iliyopungua karatasi hadi karatasi, taratibu, kama dimbwi linalokauka. Kwenye barua ya ishirini na mbili doa lilikuwa pana kama kiganja, lenye ncha tatu. Kwenye ya ishirini na tatu lilikuwa dogo kama jani la chai, na ncha moja tu.

Alirudia mara tatu. Hapa katikati zamani palikuwa na karatasi nne, tano hivi, na sasa hazipo. Na namba pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa Joss, zilifuatana bila pengo.

"Bi. Pargeter," alimwita mtunza nyaraka, "sanduku hili lilifika limefunguliwa?"

"Hata kidogo. Kamba ilikuwa ya enzi zilezile, fundo limegeuka jiwe. Alilifungua Joss, mbele yangu."

Rowena alipiga simu akiwa ngazini, nje.

"Haloo, malkia wa—"

"Iko wapi?"

"Nini tena, kipenzi?"

"Barua iliyokaa kati ya ishirini na mbili na ishirini na tatu."

"Ro, nisikilize. Mimi ni mwanachama wa chama cha mazingaombwe. Tumekula kiapo, siri ya kiinimacho haitoki. Ile barua ina mchoro, inaeleza kila kitu. Na kabati hilo nalicheza mimi kila Jumamosi. Ndilo lililonipa jina mjini."

"Hester aliiba?"

"Hapana. Alilibuni yeye. Silvano ndiye aliyemwibia."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu... kabla ya lile bango."

Rowena aliegemea ukuta. "Kwa hiyo nilipokutajia jina lake ulijua. Nilipolia ulijua. Ungekaa pale maktaba Alhamisi, unipigie makofi, nikimwita mwizi mbele ya bibi yangu?"

"Nilikuwa natafuta njia—"

"Njia ilikuwa mkononi mwako, Joss." Akakata.

Alhamisi maktaba ilijaa. Joss aliingia kwa sweta la kijivu, bila kizibao, bila mzaha, akimfuata Bi. Pargeter aliyekumbatia jalada. Asubuhi Joss alikuwa amemwendea mama huyo hifadhini akakiri, na beji yake ya kujitolea ilishabaki mezani kule.

"Nimeirudisha," alimwambia Rowena kwa sauti ndogo.

"Isome wewe. Yote."

"Ro, wenzangu wa chama wamekaa pale nyuma."

"Na bibi yangu amekaa pale mbele."

Joss akasoma. Ilikuwa ya Hester kwa Silvano. *Bwana, kabati nimelifikiria hivi. Zile ngazi tatu za kupandia ziwe wazi ndani. Nikishaingia nitashukia humo, nitajikunja, na wahudumu wataziondoa jukwaani mbele ya macho ya wote, kwa maana hakuna anayetazama ngazi.* Wazee wawili wa nyuma waliinuka, wakavaa kofia, wakatoka.

"Rudia hapo penye ngazi," Bibi Winifred aliamuru.

Akarudia. Bibi alicheka hadi akakohoa, kisha kicheko kikageuka kilio. "Alikuwa na akili, jamani! Na mama yangu kafa akimwonea haya."

Watu walipokwisha kutawanyika, Joss alisimama kando ya meza ya chai. "Chama wamenifuta, na sawa tu. Mimi nakutaka wewe. Niambie nifanye nini."

Rowena alikuwa akifunga vifungo vya koti la bibi yake, kimoja kimoja. Bado alimpenda Joss, na hilo ndilo lililomkera.

"Leo umefanya vizuri, Joss, na sitasahau. Lakini kuanzia sasa nikitazama mkono wako mmoja, nitajiuliza ule wa pili unafanya nini. Siwezi kuishi hivyo. Usinipigie."

Joss alitangulia. Aliwafungulia mlango, akabaki ameushikilia hata walipokwisha kupita.

Nje palikuwa na jua la baridi. Rowena alisukuma kiti cha magurudumu cha bibi yake hadi kwenye kona bila kugeuka.

"Kijana mwenyewe si mbaya," Bibi Winifred alisema.

"Najua, Bibi. Angekuwa mbaya, ningekuwa nimeshanyamaza kulia."

Bibi alinyoosha mkono nyuma, akaupapasa wa mjukuu wake, akaushika. Jirani mmoja alipita akawasalimu, akauliza wametoka wapi.

"Maktaba," alijibu Bibi Winifred kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Tulikuwa tunamzungumzia bibi yangu. Hester Lumb."