Mbao Zilizopinduliwa

Gati la zamani la mtoni lilipofanywa mkahawa wa starehe, bilauri za maji zilianza kutikisika mezani wakati hakuna anayepita. Wateja walicheka, wakasema ni mkondo.

Fundi seremala hakucheka. Mbao za sakafu zilikuwa zimelika kwa nyayo za wachukuzi wa zamani, na meneja hakutaka kununua mpya. Kwa hiyo wakati wa ukarabati fundi alikuwa amezipindua, upande uliolika ukaangalia maji, akapaka vanishi. Binti yake alipata kazi pale pale, ya kuhudumia meza.

"Baba, kuna mtu anatembea chini yangu," alimnong'oneza siku moja.

"Chini ni mto, mwanangu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Jioni fundi alikwenda, akainama kama anayekagua misumari, akasikia: nyayo nzito, za aliyebeba, zikikanyaga mbao kwa upande wa chini, zikimfuata binti na sinia lake kutoka meza hadi meza, zikisimama aliposimama, zikigeuka alipogeuka, na katika nyufa ikipanda harufu ya matope na magunia yaliyolowa, na pumzi, pumzi ya kiumbe aliyechoka asiyeruhusiwa kupumzika.

Mganga aliyemwendea, mama mmoja mkavu wa maneno, hakupiga hata ramli.

"Ni majini wa gati. Walibeba pamoja na wachukuzi. Na mchukuzi hajitui mzigo, hutuliwa. Mmeipindua njia yao, hawajui pa kufikia, na sasa wamemwona binti mwenye mikono. Rudisha mbao kabla hawajamwomba awatue."

Meneja alimsikiliza fundi huku akichezea simu. "Wateja wangu wakanyage mbao zilizolika? Huyo jini wako mwambie alipe kiingilio. Binti akiogopa, wanaotaka kazi wamejaa getini."

Nyundo ilikuwa mkononi mwa fundi. Lakini alikuwa ameahidiwa kazi ya ngazi.

"Sawa, bosi."

Kesho yake binti alirudi mapema, jua lingali juu. Alisimama mlangoni, shingo imezama mabegani, mgongo umepinda, na kichwani hapakuwa na kitu.

"Baba, nitue."

Fundi akainua mikono. Juu ya nywele za mwanawe, hewani, vidole vyake vilishika gunia lililolowa. Akalivuta likamwangukia kifuani, zito kupita nguvu za mtu, na kila alipojaribu kuliweka chini, halikukubali kumwachia. Binti akanyooka, akaanza kulia.

Nyuma yake, uani, nyayo nyingi zilikuwa zimewasili, zikasimama kusubiri zamu.