Ovaroli Zisizo na Mifuko

Kila siku Fundi alifungua kibanda chake alfajiri, kabla jua halijachomoza. Zamani king'ora cha kiwanda cha nguo kililia saa hiyo, na wafanyakazi walipita mbele yake makundi kwa makundi. Kiwanda kilifungwa miaka mingi iliyopita. Lakini Fundi, kwa ubishi wake, aliendelea kuwahi kuwasubiri watu wasiokuja.

Alishona ovaroli za buluu tu, kama zile za kiwandani. Alizishona vizuri sana. Hazikuwa na mfuko hata mmoja. Ufunguo wa kibanda aliuvaa shingoni kwa uzi, maana naye alivaa ovaroli hizo hizo, hakuwa na pa kuutia. Ovaroli zilining'inia ukutani zikila vumbi. Aliyezipenda ni paka wa jirani tu, aliyelala chini yake.

Jioni moja mkewe alimwekea chai, akaketi mbele yake.

"Baba Mapacha, nimechoka," alisema. "Kaka yangu anatuita mji mkuu. Mwezi ukiisha tunahama. Tuuze cherehani tupate nauli."

"Cherehani?" Fundi aliruka. "Bora uniuze mimi!"

"Wewe nani atakununua?" Mkewe alicheka, halafu machozi yakamlengalenga. "Watoto wanataka kula, mume wangu. Mji huu umekufa."

Fundi alisukuma kikombe cha chai pembeni. Baba yake alimfundisha kushona katika kibanda kile kile. Kuondoka kulimuuma sana.

Mara jirani yao akabisha hodi. Alikuja kurudisha sufuria. Mama huyu alikuwa ofisa wa biashara wa manispaa. Watu walimwita Bi Soko, kwa sababu alishinda sokoni kutwa.

"Mnisamehe, nimesikia," alisema. "Ukuta wenu mwembamba na masikio yangu makubwa. Nani kasema mji umekufa?"

"Kiwanda si kimefungwa?" mke wa Fundi alijibu.

Bi Soko aliketi. "Kabla ya kiwanda hapa palikuwa na nini?"

"Stesheni," Fundi alisema. "Babu yangu alipakia pamba kwenye treni."

"Basi. Wakulima wa vijijini walileta pamba, treni ikaibeba. Watu wakajenga nyumba na maduka karibu na stesheni. Baadaye kikajengwa kiwanda, ili pamba isokotwe hapa hapa. Kisha nguo za bei rahisi zikaingia kutoka nje. Mashine zetu zilikuwa zimechakaa, kiwanda kikashindwa. Siku hizi wakulima wale wale wanalima mahindi na maharage. Barabara mbili kubwa zinakutana hapa, na malori yanafuata nafaka. Kazi ipo, Fundi. Imehamia upande wa pili wa mji."

"Kwa hiyo niache kushona, nikabebe magunia?"

"Ushone! Lakini kwanza nenda soko la nafaka. Angalia watu wanavyofanya kazi. Waulize wanahitaji nini. Kisha shona chache tu, wazijaribu."

Kesho yake Fundi alikwenda, shingo upande. Alivaa ovaroli yake. Sokoni alishangaa. Malori yalikuwa yamejipanga hadi barabarani. Wabebaji walipita mbio na magunia, mashati yao yamechanika mabegani.

"Mzee, nguo yako imeshonwa barabara!" mmoja alimwambia. "Mbona haina mifuko?"

"Ovaroli ya kweli haina mifuko," Fundi alijibu kwa maringo. "Ni amri ya meneja. Watu wasitoke na nyuzi za kiwanda mifukoni."

"Meneja yupi?"

Fundi alitaka kumtaja, akakumbuka. Meneja aliondoka zamani na kiwanda chake.

"Sasa simu tuweke wapi, mdomoni?" Wabebaji waliangua kicheko.

Fundi aliona haya. Alitaka kugeuka arudi zake. Akaukumbuka uso wa mkewe wa jana jioni, akabaki.

"Haya, wanangu, niambieni," alisema. "Mnataka nguo ya namna gani?"

Walimwambia. Gunia linachubua bega. Mikono mirefu inaleta joto. Mifuko iwe na vifungo, simu isianguke.

Fundi alishona tatu, za mikono mifupi na mifuko yenye vifungo. Mabegani aliweka vipande vya turubai. Aliwapa wabebaji wazijaribu. Siku chache baadaye walimrudia.

"Turubai ni gumu, linakwaruza shingo," walisema.

Zamani Fundi angenuna. Safari hii alifumua, akatia kitambaa laini ndani yake. Basi hapo wateja wakaanza kumiminika. Wapakiaji walitaka, wasaga nafaka walitaka. Ovaroli za ukutani nazo zilishushwa, zikatiwa mifuko. Paka akahama.

Mwezi ulipoisha, kaka wa mkewe alipiga simu. "Mnafika lini?"

"Kaka, ahsante sana, lakini hatuji," mkewe alisema. "Tutakuja kuwasalimu tu. Cherehani haipumziki hapa!"

Fundi alisikia, akashusha pumzi kwa furaha.

Usiku mkewe alichukua ovaroli kuukuu ya mumewe, akaishonea mfuko kifuani. Asubuhi Fundi aliivaa, akaushika ule mfuko, akatabasamu. Akavua uzi shingoni. Akautia ufunguo mfukoni, akafunga kifungo, akaenda kazini.