Bakar Alisema Kaponywa na Mbegu za Maboga

Nilimkuta mume wangu jikoni kwa mwanamke mwengine... anakula!

Wapenzi wasomaji, nyie wa Unguja mnanielewa. Mume anakula kwa mwanamke mwengine na huku sahani yake imefunikwa kawa nyumbani... hiyo si njaa.

Mwaka 1999 huo. Tunakaa Mji Mkongwe, nyumba yetu haikauki watu, na maneno yalinifikia hapohapo barazani kwangu. Mume wangu Msabah kila alasiri yuko Michenzani, kwa Mwanamwema, mjane.

Nikavaa buibui.

Mlango wazi. Bwana kakaa mkekani, mbele yake bakuli la nyanya zilizopikwa mpaka zikawa uji, na sahani ya mbegu za maboga za kukaanga. Anatafuna kama mtoto aliyelazimishwa.

Nikamuuliza Mwanamwema kama Michenzani wanaume wamekwisha. Wala hakukasirika.

"Muulize mumeo anakojoaje."

Nikakaa chini.

Kumbe mwaka mzima mkojo unamtoka kwa matone, na mie mkewe sijui! Kamwambia Bakar, sahibu yake tangu ujana. Bakar naye alishaugua vilevile akapona, na kila akikaa na wanaume wenzake anaapa kuwa kilichomponya ni nyanya na mbegu za maboga, ati mna dawa ndani yake. Mwanamwema ni dada yake Bakar, ndo akapewa kazi ya kupika. Kwangu isingewezekana. Kwa watu walivyojaa kwangu, siri ingefika Mtoni kabla ya Maghrib.

"Nnaona nafuu, Faiza," Msabah akaniambia.

Basi jiko nikalihamishia kwangu. Nyanya, maboga, asubuhi na jioni. Na kweli, wiki nyengine mkojo ukija vizuri, tunacheka wawili kama maharusi.

Halafu mgongo ukaanza kumuuma.

Hospitali wakasema tezi dume. Saratani, na imeshaingia kwenye mifupa.

Nikamuuliza daktari, na nyanya zote zile? Hakunicheka. Akasema ni chakula kizuri, wataalamu wanachunguza kama vilivyomo ndani yake vinaifaa tezi, ila bado hawana yakini, na saratani haiponi kwa nyanya. Ile nafuu? Mkojo wa maradhi haya huzidi na kupungua wenyewe. Angeletwa mapema, labda...

Hiyo "labda" nnalala nayo mpaka leo.

Bakar akaja kumtazama mgonjwa, na mfuko wa mbegu mkononi. Nikamwambia arudi nazo, na nikamweleza alivyosema daktari. Akakaa pale mlangoni, kavua kofia.

"Mie nilipasuliwa, Bi Faiza. Dar es Salaam. Nyie niliwaambia nnakwenda kununua vitambaa."

"Na mbegu?"

"Watu waliuliza nimeponaje. Ningesemaje mbele ya wanaume kuwa nilitiwa mpira wa mkojo? Nikasema mbegu."

Hata dada yake hakujua. Kapika miezi yote ile kwa imani.

Msabah alikuwa macho. Kasikia yote. Nikangoja amtukane, na mie nilikuwa tayari kumsaidia, matusi nnayajua.

Akauliza tu:

"Iliuma?"

"Siku chache, Msabah."

"Siku chache," akarudia, taratibu. Akageukia ukutani.

Hakuiona Idi.

Kina mama, wapikieni nyanya, wakaangieni mbegu, ni chakula cha halali na kitamu. Lakini ukiona bwana kaingia chooni hatoki, usingoje nafuu, mpeleke akapimwe.

Na nyie kina baba mliopasuliwa mkapona, mnaokaa barazani mnapokezana vikombe vya kahawa... semeni mlichofanyiwa. Aliyekaa pembeni yako anakusikiliza, na anakuamini.